Sauti Iliyoita Mara Moja

Nilipokuwa bado mtoto wa kutumwa maji, pale Kagoma, bibi yangu alitufundisha kutoitika haraka. Kwetu ukiitwa na mkubwa unaitika "Waitu!" huku unakimbia. Lakini bibi alisema, kama humwoni anayekuita, nyamaza kwanza.

"Aliye hai akikosa jibu ataita tena," alituambia, mimi na mdogo wangu Koleta, huku akimenya ndizi. "Aliyekufa ana pumzi moja tu. Ataita mara moja. Ukimjibu, mnaondoka wote."

"Wanakula nini huko?" Koleta akauliza.

"Majani matupu."

"Basi siendi."

Tulicheka, lakini tulishika. Babu alikuwa amezikwa pale pale kibanjani, shamba letu la nyumbani, hatua chache kutoka jikoni, katikati ya migomba. Wafu kwetu walikuwa majirani.

Mwaka huo habari zikaja kwamba ndui iko kisiwani Goziba, huko ziwani, na kwamba kuna wageni wanapita nyumba kwa nyumba wakichanja watu, tena bure. Bibi aliwasubiri kuliko mtu yeyote. Yeye ndui ilishampitia, ikamwachia mashimo uso mzima. Alitaka tuchanjwe. Hilo nalisema wazi, maana baadaye watu walisema alikataa.

Asubuhi moja ukungu ulikuwa mzito, mlangoni huoni hata mgomba wa kwanza. Tukasikia sauti ya mwanamume kutoka njiani.

"Koleta!"

Haikuwa sauti ya mtu tunayemjua, na jina ililitamka vibaya, kama mtu aliyelisahau siku nyingi. Koleta akafungua mdomo aitike. Bibi akauziba kwa kiganja. Mimi alinitazama tu, ikatosha. Tukangoja. Maji yalidondoka kwenye majani ya migomba. Kisha tukasikia nyayo kwenye majani makavu, zinaondoka. Ile sauti haikuita tena.

"Amekwenda," bibi akasema, akashusha pumzi. "Mungu ni mwema."

Jua lilipotoka akaja jirani yetu, Ma Felista, mkono umechanjwa, anaushikilia kama kifaranga.

"Mmelala kama magogo? Mchanjaji ameita hapa mmekaa kimya! Nimemwambia mwenyewe, taja jina la Koleta, yule hajui woga, atatoka mbio."

"Ameita mara moja," bibi akasema.

"Ulitaka awaimbie?"

Bibi alivuta kanga. Alimfunga Koleta mgongoni, akanishika mkono, tukateremka mbio hadi barabarani. Gari lilikuwa limeondoka. Mzee wa kijiji akatuambia dawa ya zamu ile imekwisha, ikija nyingine watarudi.

Na walirudi kweli. Lakini ugonjwa ulikuwa umetangulia, na Koleta alikuwa amelala karibu na babu.

Siku hiyo nilichanjwa mimi. Aliyenichanja alikuwa mgeni mwembamba kutoka nchi ambayo pale kwetu hakuna aliyejua lugha yake. Aliliona lile kaburi fupi, lenye udongo bado mwekundu. Akamwuliza mwenzake kitu, mwenzake akamjibu polepole. Yule mgeni akavua kofia, akakaa chini. Bibi akaingia ndani, akamtolea kahawa ya kutafuna, kama anavyotolewa mgeni yeyote. Walitafuna wote wawili.

Nimekuja kuambiwa ukubwani kwamba dawa ile ilichangwa na mataifa mengi, mengine yakiwa hayapatani, ili afikiwe hata mtoto wa mwisho. Huwa nalifikiria hilo. Dawa ilivuka bahari, ikavuka ziwa, ikashindwa kuvuka migomba yetu. Bibi alikuwa anatulinda. Yule aliyeita naye alikuwa anawahi wengine. Simchukii hata mmoja. Lakini tangu hapo ukungu ukishuka, mahali popote nilipo, nasikia sauti ndogo ikiniita. Mara moja. Miaka yote hiyo sikuwahi kuitika.

Sasa nakaa Buhembe, na kitukuu changu. Juzi ukungu ulishuka tena, mtoto nimempakata, nikasikia kutoka nje:

"Bibi!"

Sauti ndogo ya kike. Mtoto akafungua mdomo. Sikumziba.

"Waitu!" nikaitika kwa nguvu. Nilijiambia, kama ni Koleta, basi naye asikie leo amejibiwa.

Wakatokea wawili: binti wa hapa hapa, amebeba kisanduku cha baridi, na mama mmoja mgeni mwenye nywele nyeupe. Walikuwa na matone ya polio. Mtoto akatiwa ulimini, akakunja uso, akataka mengine.

"Mkiita nyumba pakawa kimya, mnafanyaje?" nikamwuliza binti.

"Tunapita, bibi. Nyumba ni nyingi."

"Hapana, mjukuu wangu. Ita tena."

Akacheka. "Haya bibi, tutaita hata mara kumi."

"Mbili zinatosha."

Wakaingia kwenye ukungu, wakapotea. Nikasimama mlangoni. Chini kwa jirani nikasikia jina la mtoto wa pale likiitwa. Kimya. Maji yakidondoka kwenye majani ya migomba, kama siku ile. Nikajikuta kiganja changu kiko mdomoni mwangu mwenyewe.

Likaitwa tena.

"Waitu!" mtoto akaitika huko chini, na ndipo nikaondoa mkono.