Pikapu Iliyoitika

Ukitaka kununua gari kuukuu Ifakara, watu watakwambia kwanza umwone Levina wa Kibaoni. Hana gereji ya kujivunia: banda la mabati, mashine ya kuchomelea, na shimo alilolichimba mwenyewe ili aingie chini ya gari. Rangi haitazami, wala viti. Hushuka na nyundo ndogo na bisibisi butu, akagonga chesisi, ile fremu ya chuma yenye uwazi ndani inayobeba gari zima, toka mbele hadi nyuma huku ameinamisha sikio. Chuma kizima hulia. Kilichooza husema "pu", kama papai bovu. Kutu ya juu juu inayotoka kwa brashi haimsumbui. Anaiogopa ile inayobanduka tabaka kwa tabaka kama magamba ya samaki, hasa pale springi zinaposhikana na chesisi.

"Na ukikuta gari la miaka ishirini na tano limepakwa lami mpya chini," huwaambia wateja, "jiulize kuna nini kimefunikwa shuka."

Mwaka jana, mwezi wa nane, mnunuzi wa mpunga aitwaye Ponsiano alimletea pikapu ya kijani.

"Dada Levina, nitazamie hii kabla sijailipia. Bei yake ni ndogo mno, imenitia wasiwasi."

"Mwenyewe anasemaje?"

"Anasema kaichoka." Ponsiano akaigeukia pikapu. "Watu wanasema ina mtu. Ikipita kwenye barabara mbovu, kengele ya baiskeli inalia karibu na miguu ya dereva. Aliyekuwa nayo alikuwa anasimama kila mara kuangalia kama kagonga mtu. Wenyewe watatu wameshaiuza."

Levina alicheka. "Itakuwa nati imelegea."

Akashuka shimoni. Chesisi ilimpendeza. Haikupinda popote, na bisibisi haikuzama hata kwenye maungio. Alipofika nyuma kidogo ya kiti cha dereva akagonga, chuma kikalia. Kisha, kama mtu aliyechelewa kusikia jina lake, kitu kilichokuwa ndani ya chuma kikaitika: kriing.

Akagonga tena. Kikaitika tena. Ponsiano, aliyekuwa amechuchumaa juu ya shimo, akasimama na kusogea pembeni.

Levina akakwangua matope. Chini yake palikuwa na kiraka cha bati nene, ukubwa wa kiganja. Akapitisha brashi hadi mshono ukaonekana, na hapo mkono wake ukasimama. Kila mchomeleaji ana mkono wake kama kila mtu alivyo na mwandiko wake. Levina, akimaliza mshono, hurudi nyuma kidogo ili mwisho usipasuke. Kiraka hiki kilikuwa na marudio hayo kwenye pembe zote nne.

"Hii ni kazi yangu," alisema. "Na gari hili sijawahi kuliona."

Kilichomuumiza zaidi ni kwamba kiraka kilikuwa kimechomelewa juu ya kutu. Mwenye mkono ule hakuikata sehemu iliyooza mpaka akute chuma safi. Alifunika tu, na kutu ikaendelea kula gizani.

Ponsiano alimpigia muuzaji simu, naye akakubali kiraka kikatwe. Levina akakata pande tatu kwa grenda, akakikunja chini. Unga mwekundu ulimmwagikia kifuani, na katikati ya unga ule ikaanguka kengele ya baiskeli. Kifuniko kilikuwa kimeliwa ukingoni, lakini herufi L iliyokwaruzwa kwa msumari ilikuwa bado inasomeka.

Ilikuwa ya mwanawe, Lukelo.

Miaka sita nyuma, kwenye mafuriko, mto Lumemo ulimchukua Lukelo akiwa anavuka kwa baiskeli. Alikuwa na miaka kumi na saba. Baiskeli ilionekana siku ileile, yeye siku ya tatu. Levina anakumbuka turubai la msiba likishushwa. Kisha anakumbuka yuko shambani kwa dada yake na mpunga umeshachanua. Katikati hapana kitu. Siku zote aliamini kwamba wiki zile alikuwa amelala ndani.

"Uliiweka wewe?" Ponsiano aliuliza kwa sauti ya chini.

"Sijui, kaka yangu. Kweli sijui."

Muuzaji aliwatajia mtu aliyekuwa na pikapu hiyo mwaka wa mafuriko: Mzee Sylvanus, mwenye duka pale Mkula. Kesho yake asubuhi Levina akapanda bodaboda.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mama. Karibu kiti." Mzee alimtazama usoni. "Afadhali leo unaongea."

"Kwani tulionana lini?"

"Ulinitengenezea pikapu hapahapa uani. Tulikuwa tumepatana kabla ya msiba wako, kwa hiyo sikukutegemea tena. Lakini ulikuja, mashine yako kwenye bajaji. Nikakwambia, mama, kapumzike, gari litangoja. Ukanitazama tu, ukaingia chini. Na malipo ukayakataa."

"Nilisema nini?"

Mzee Sylvanus alitikisa kichwa. "Kwangu, hata neno moja. Lakini kule chini ulikuwa unaongea na mtu. Ulikuwa unamwelekeza: shika hapa, sogeza hiyo, usitazame moto. Nikajua umekuja na msaidizi. Mke wangu akaleta uji vikombe viwili, nikavisukuma chini ya gari. Jioni vyote vilikuwa vitupu."

"Nilikunywa mimi vyote."

"Labda," alisema mzee. "Ila wakati wa kuondoka kwenye bajaji ulijibana pembeni kabisa. Ukaacha nafasi."

Levina aliaga bila kumaliza soda aliyokaribishwa.

Ponsiano hakufichwa kitu. Levina alimwambia kwamba chesisi ni nzima kasoro pale alipoharibu yeye, na kwamba atarekebisha bure. Alikata hadi chuma kikang'aa, akaweka bati jipya ndani na nje, akapaka rangi ya kuzuia kutu. Ponsiano aliinunua, na mpaka leo inabeba mpunga bila kelele.

Lakini usingizi wa Levina ulikuwa umeharibika. Katika wiki zile alizozisahau, huenda Mzee Sylvanus hakuwa mteja wake pekee. Levina alitangaza kanisani kwamba yeyote aliyetengenezewa gari naye mwaka ule alilete, litakaguliwa bure. Yalikuja mawili. Yote yalikuwa na viraka vyake juu ya kutu, lakini ndani hamkuwa na kitu ila vumbi. La tatu, basi dogo la bluu ambalo watu wanakumbuka alilitengeneza, lilikuwa limeshauzwa upande wa Mlimba, na kila anayemuuliza anampa habari tofauti.

Siku hizi hafungi kiraka akiwa peke yake. Kabla ya kuwasha mashine humwita mwenye gari ashuke shimoni, humpa tochi, na kumwambia, "Tazama mwenyewe ndani, uhakikishe." Wengine hutazama. Wengine, wakishaisikia habari ya pikapu, humrudishia tochi na kumwomba afunge tu.

Naye hawafungii. Hukaa ukingoni mwa shimo akawangoja mpaka watazame.