Mfungo wa Mama Nikunj

Kanchan alirudi Singida mwezi wa tatu mwaka 2003 akiwa na kikombe cha plastiki ndani ya mkoba. Kilikuwa kikombe kidogo, mfano wa kile cha kahawa chungu, chenye mistari minne pembeni. Muuguzi wa Ahmedabad alimpa siku aliyotoka wodini, akamwonyesha mstari wa nne kwa kucha na kumwambia kwamba huo ndio mlo wake. Mara sita kwa siku. Akifika hapo aweke kijiko chini.

Daktari aliyempasua alikuwa amemweleza kwa mfano. Tumbo lake, alisema, lilikuwa kama kiriba. Sasa limekatwa na kushonwa, limebaki ukubwa wa yai. Kanchan, ambaye katika miaka yake arobaini na miwili hajawahi kutia yai mdomoni, alitikisa kichwa kuonyesha ameelewa. Aliondoka Singida na kilo mia moja na ishirini na moja, sukari kwenye damu, na magoti yasiyomruhusu kupanda ngazi tatu za dukani kwake bila kushikwa mkono. Aliambiwa akifuata kikombe ataishi. Alipewa na vidonge vya vitamini, aina tatu, vya siku tisini, na agizo la kuvitumia maisha yake yote.

Mjini hakuna aliyejua. Mumewe, Jayantilal, aliwaambia watu kwamba mke wake amekwenda India kutengenezwa magoti, hata mama yake mzazi aliambiwa hivyo hivyo. Huyo mama, ambaye nyumba nzima ilimwita Ba, alikuwa na miaka sabini na minane na aliamini kwamba mwili mzima usio na jeraha haukatwi kwa kisu.

"Akijua tumelipunguza tumbo aliloumbwa nalo, hatutalala," Jayantilal alimwambia mkewe ndani ya gari, walipokuwa wakitoka Dodoma. "Sema magoti. Magoti yanatosha."

Kanchan akasema sawa, magoti.

Alikuwa ameingia katika nyumba hiyo mwaka 1980, bibi harusi kutoka Tabora, mwembamba kiasi kwamba Ba alizipunguza blauzi zake zote kwa sindano. Ilikuwa miaka ya foleni. Sukari ilitoka kwa kibali, sabuni kwa kujuana, na rafu za duka la Jayantilal zilikuwa na viberiti, chumvi na kalenda. Kisha milango ya biashara ikafunguliwa. Yalishushwa maziwa ya kopo, biskuti za Uarabuni, mafuta ya kupikia kwa madumu, na kila katoni iliyofunguliwa Kanchan aliionja. Febronia, mama wa mtaa wa Mandewa aliyefanya naye kazi jikoni tangu mwaka 1988, aliwahi kumuuliza kwa utani kama duka ni la kuuza au la kula.

"Nakula ile miaka ya foleni, mama Paskali," Kanchan alijibu. "Bado sijafika 1984."

Walicheka wote wawili.

Kikombe kilimwendea vizuri kwa wiki tatu. Alikunywa maji ya dengu yaliyochujwa, maziwa, mtindi uliolegezwa, kijiko baada ya kijiko, huku saa ya ukutani ikimwangalia. Kilichomshinda kwanza kilitoka kwenye kabati la miungu.

Kila asubuhi Ba aliweka mbele ya sanamu kipande cha kashata ya unga wa ngano, samli na sukari guru. Kikishatolewa sadaka, kipande hicho hugawiwa watu wa nyumbani, na hakikataliwi. Hakitupwi wala hakibakizwi. Kanchan alikuwa amejitetea kwa dawa za magoti hadi asubuhi ile Ba aliposema siku za dawa zimetosha, akamwekea kipande kiganjani na kusimama akisubiri.

Alikitafuna, akakimeza. Dakika kumi na tano baadaye alikuwa amelala kifudifudi kwenye sakafu ya jikoni, jasho likimtiririka kana kwamba amemwagiwa ndoo, moyo ukimwenda mbio, tumbo likijikunja kama nguo inayokamuliwa. Febronia alimkuta hapo.

"Mama Nikunj! Nimwite baba?"

"Usimwite mtu. Funga mlango."

Siku hiyo alimwambia Febronia ukweli wote, kuanzia kiriba hadi yai, na akamwapisha asiseme. Febronia aliapa kwa rozari yake.

"Yaani mtu anakwenda ng'ambo kununua njaa?" alisema. "Si ungekuja kijijini Mgori kwa shangazi yangu, ungeipata bure."

Kesho yake Ba alipokuja na kashata, Kanchan alisema, "Leo nimefunga, Ba."

Ilikuwa siku ya kumi na moja ya mwezi, siku ambayo watu wa dini yao wakifunga hawagusi nafaka, na kashata ilikuwa ya ngano. Ba alirudisha mkono. Usoni alionyesha furaha ambayo Kanchan hakuiona tangu alipomzaa mwanawe Nikunj. Katika miaka ishirini na mitatu Ba hakuwa amemwona mkaza mwanawe akifunga hata nusu siku.

Basi njia ikawa imepatikana. Jumatatu alifunga. Alhamisi alifunga. Mezani hakuna aliyemtazama tena sahani, hakuna aliyemsukumia chapati ya pili. Wanawake wa nyumba tatu nne za Wahindi waliokuwa wamebaki mjini walipokuja kumwamkia Ba, waliguswa na habari hizo, wakasema safari ya India imemfungua macho Kanchan.

Ukweli ni kwamba alikuwa anaogopa kula. Kila kilichozidi kijiko kilikwama chini ya mfupa wa kifua, kikakaa hapo kama jiwe, kisha kikarudi. Vijiko viwili vya wali laini wa choroko vilimgharimu saa nzima juu ya beseni. Vidonge viliisha mwishoni mwa mwezi wa sita. Aliyetazamiwa kuvileta vingine kutoka Ahmedabad aliahirisha safari mpaka baada ya Diwali, na maduka ya dawa ya Singida hayakuwa na aina hizo. Jayantilal alisema miezi minne si mingi. Alikuwa anaona mke wake anapungua, anapanda ngazi tatu za duka peke yake, na kwake hilo ndilo lililokuwa limekusudiwa.

Mwezi wa saba ikaingia ile miezi minne mitakatifu. Huko India ni miezi ya mvua, na wanawake wengi huweka nadhiri ya kula mara moja tu kwa siku mpaka iishe. Singida ni miezi ya upepo mkavu, vumbi linaingia mpaka kwenye samli. Katika nyumba ya Ba nadhiri iliwekwa kwa maji: mtu anakinga kiganja, anamiminiwa, anatamka anachokusudia mbele ya sanamu, kisha anayaachia maji yadondoke kwenye sahani ya shaba. Yakishadondoka, maneno hayarudi.

Kanchan alikinga kiganja mwenyewe. Hesabu yake ilikuwa fupi: kula ni kutapika, basi kula mara moja ni kutapika mara moja. Ba alimmiminia maji kwa fahari, na Kanchan akatamka mlo mmoja kwa siku, miezi minne.

Febronia alipoambiwa alitua mwiko.

"Daktari wako si alisema mara sita?"

"Alisema."

"Sasa?"

"Sasa nimeshasema mbele ya Mungu, mama Paskali."

"Na sisi tunafunga Kwaresima. Lakini Jumapili tunakula! Padri mwenyewe anakula. Mgonjwa hafungi, mjamzito hafungi."

"Mimi si mgonjwa. Nimetengenezwa magoti."

Febronia hakucheka.

Mwezi wa nane mjini walikwisha kuona. Sari zilimzunguka mara mbili. Nywele zilijaa kitana, na ngozi ya mikono ilining'inia kama shati la kuazima. Idrissa, mnunuzi wa alizeti aliyezoeana na Jayantilal tangu shule, aliegemea kaunta akauliza kwa sauti ya kusikika mpaka barazani, "Jayanti, mkeo nusu umemuuza wapi? Niambie bei, na mimi nina mmoja mzito." Watu wakacheka. Lakini wanawake wawili waliokuwa wakichagua khanga hawakucheka. Mmoja alimnong'oneza mwenzake kwamba ule ugonjwa sasa umeingia hata kwa Wahindi, na Kanchan, aliyekuwa nyuma ya pazia la stoo, alisikia. Tangu siku hiyo hakukaa tena kaunta.

Miguu ilianza kwa kuchoma, nyayo zikiwaka kama amekanyaga mchanga wa mchana. Kisha moto ukazimika na kukawa hakuna kitu. Mwanzoni aliona ni nafuu.

Siku moja katikati ya mwezi wa tisa aliingia jikoni kutoka uani, alikokwenda kuanua pilipili. Febronia alimtazama miguuni.

"Ndala nyingine iko wapi?"

Kanchan akatazama chini. Mguu wa kushoto ulikuwa na ndala, wa kulia ulikuwa mtupu. Nyuma yake, kutoka mlangoni, sakafu ilikuwa na alama za damu, moja moja, zimepangana vizuri kama mihuri.

Febronia alimkalisha kwenye kigoda, akaunyanyua mguu. Mwiba wa mgunga ulikuwa umezama kwenye kisigino, urefu wa njiti ya kiberiti. Aliung'oa kwa meno.

"Hukusikia?"

"Sikusikia."

"Hata sasa nilivyovuta?"

"Umeshavuta?"

Febronia alikaa na mwiba mkononi. Kisha akainuka, akakoroga uji wa ulezi na karanga, akaupoza, akaumimina kwenye kikombe cha plastiki mpaka mstari wa nne, akaja nao.

"Kunywa."

"Nimeshakula leo."

"Ulichokula nimekimwaga mimi mwenyewe kwenye mgomba. Nimeona. Kilikuwa kizima kizima."

"Kilipita mdomoni. Kula ni kula. Nadhiri haikuuliza kama kimekaa."

"Mama Nikunj, huyo Mungu wako simjui vizuri, lakini kama ana akili..."

"Usiseme, mama Paskali."

Uji ulikaa mezani mpaka ukafanya ngozi.

Siku tatu baadaye, asubuhi, Kanchan alisimama mbele ya kabati na kuona Ba wawili wakiwasha taa mbili. Alinyoosha mkono kushika ukuta, na ukuta haukuwa pale alipouona.

Daktari Obadia wa zahanati ya masista, alikopelekwa, alimkuta kitandani akiwa na macho yanayocheza pembeni na miguu iliyolala. Aligonga goti kwa nyundo ndogo, halikujibu. Aligonga la pili. Alitafuta kovu la operesheni magotini, hakuliona. Akageukia familia.

"Huyu mama anakula nini?"

Ba, aliyekuja akiwa amevaa sari nyeupe na kushikiliwa na Febronia, alijibu kabla ya mwanawe. Kiswahili chake kilikuwa kidogo, lakini neno hilo alilijua vizuri, na alilisema kwa kichwa kilichoinuka.

"Yeye nafunga. Mara moja kwa siku. Tangu mwezi wa saba."

Daktari akamtazama Jayantilal. Jayantilal akatazama dirisha. Febronia, ambaye kiapo chake kilikuwa kimembana miezi mitano, alimgusa Jayantilal mkono.

"Baba Nikunj, sema wewe. Ukinyamaza, mimi nasema."

Ndipo akasema. Alisema kwa Kiswahili kwa sababu daktari ndiye aliyeuliza, kisha ikabidi aseme tena kwa Kigujarati, polepole, kwa sababu Ba alikuwa anamvuta shati. Tumbo. Kisu. Yai. Mara sita. Vidonge vilivyoisha. Ba alisikiliza mpaka mwisho. Alitazama kiganja chake cha kulia, kile kilichoshika chombo cha maji, akakifunga.

"Mimi ndiye nilimmiminia," alisema.

Walimchoma sindano za vitamini, chupa juu ya chupa. Macho yalitulia siku ya pili. Miguu haikuamka. Daktari Obadia hakuwadanganya: mishipa ikikaa na njaa muda mrefu, mingine inarudi, mingine hairudi, na huyu amechelewa. Ale kidogo kidogo, mara sita, bila kukosa. Kanchan aliuliza kuhusu nadhiri. Daktari alisema hilo si la kwake.

Lilikuwa la Ba. Siku walipomrudisha nyumbani zilikuwa zimebaki siku thelathini na sita. Ba alimwita mwanawe alete sahani ya shaba, akakinga kiganja chake mwenyewe. Nadhiri iliyotamkwa, alisema, haiwezi kuachwa njiani. Mtu wa damu au wa nyumba anaweza kuichukua na kuimaliza. Jayantilal alipiga magoti akamsihi. Mama, una miaka sabini na minane. Maji yakadondoka.

Sasa saa nne asubuhi Kanchan anakalishwa kwenye kiti cha jikoni. Anatafuta miguu yake kwa macho, anaona imekanyaga sakafu, anaamini. Febronia anajaza kikombe cha plastiki mpaka mstari wa nne. Kijiko cha kwanza kinakwenda. Cha pili kinakwenda. Cha tatu kinabaki kifuani, na Febronia anasubiri pembeni na beseni.

Mlangoni, kwenye mkeka, Ba ameketi. Hatakula mpaka jioni. Jana jioni alikula nusu ya chapati, akasema ameshiba.

"Amefika mstari gani?" anauliza.

"Wa pili, Ba," Febronia anajibu.

Kanchan anamtazama bibi huyo kizee, mikono yake iliyolegea juu ya magoti, shingo iliyoanza kuonyesha mishipa. Anainua kijiko tena. Kinafika mdomoni, kinapita, kinashuka mpaka pale kinaposhukia kila siku, na kinageuka.

Febronia anasogeza beseni. Akimaliza, anamfuta mdomo, anamwaga uani, anaosha kikombe na kukifunika kwenye rafu.

"Saa sita tunajaribu tena," anasema.

Ba anainua vidole, anahesabu siku zilizobaki. Kanchan naye anazihesabu.