Posa ya Temporari

Naona haya hata kuandika, lakini nikinyamaza watasimulia wengine na chumvi zao, kwa hiyo bora niseme mwenyewe: nilitumwa Mbwera kumposea mpwa wangu Shabani, nikarudi nimeiacha posa inaning'inia kwa neno moja la Kizungu.

Shabani ni kibarua wa zege kwenye ujenzi wa daraja. Kijana ana bidii, na amempenda binti wa Mzee Salumu mpaka chakula hakimpiti. Akinisindikiza kwenye boti aliniambia tu, "Mjomba, kanisemee vizuri." Basi nimekaa mkekani na kanzu ya kuazima (fupi kidogo, tuyaache hayo), Mzee Salumu akauliza kijana anafanya kazi gani, na mimi nikaona kusema kibarua ni kumshusha mtoto wa dada yangu, nikasema, "Ajira yake ni temporari." Lilivyotoka nikalipenda mwenyewe. (Niliishia la saba, maneno kama hayo sipati pa kuyatumia.)

"Temporari ndiyo nini, bwana mshenga?" Huyo ni Bi Mwanahawa, shangazi wa binti, nyuma ya pazia.

Ningesema ni cheo, nani angenipinga? Lakini kudanganya kwenye posa siwezi. Nikaeleza kwa haki kabisa: ni kitu cha muda, kama dungu mnalojenga shambani la kulindia mpunga, mkishavuna mnaliacha lianguke.

Bi Mwanahawa akaendelea, "Na nyumba anayokaa?"

Chumba cha kupanga. "Temporari," nikasema.

"Na ile pikipiki ya kwenye picha aliyomtumia mwanetu?"

Ya rafiki yake. "Nayo temporari, shemeji."

"Haya, na mwanetu akishafika huko?"

Wanawake wakaangua kicheko, nami nikaanza kujitetea kwamba ndoa ni jambo la kudumu, na sijui nani alinituma, nikaongeza kwamba ukiangalia kwa haki hata sisi wenyewe hapa duniani ni temporari, na hapo Mzee Salumu akaniuliza nimekuja kuposa au kuhani msiba.

Niliporudi, Shabani alikuwa ananingoja pale boti inaposhushia abiria. "Wamesemaje, mjomba?" Nikasema wanafikiri. Hakuuliza tena, akanibebea kapu, na hicho ndicho kiliniuma.

Baada ya wiki nzima Bi Mwanahawa akapiga simu. "Mshenga, mimi nilizaliwa dunguni, msimu wa mpunga, na wazee wangu waliishi pamoja mpaka wakazikana. Kijana tumemkubali, aje tuzungumze mahari. Ila atuletee mshenga mwingine. Wewe tulishakuelewa, ulikuwa wa temporari."

Shabani kaoa. Mimi harusini nilikaa kule kwenye masufuria. Neno nililitumia sawasawa, hilo nalishikilia mpaka leo (au nakosea?), lakini nikitumwa posa tena, na sitatumwa, wakiuliza kazi ya kijana nitajibu, "Anayo," halafu nijaze mdomo tambi.