Bingwa Aliyetetemeka Mkono Al Hail

Nilimuona bingwa wa Japani akitetemeka mkono, nikadhani ananiogopa mimi.

Kisa hiki nimekikalia mwaka mzima. Leo nakitoa kwa sababu mwenye kosa amenipa ruhusa, na amesema jina lake nisilifiche.

Naitwa Jaifar. Mchana napanga mizigo kwenye ghala moja Rusayl, hapa Maskati, jioni nikirudi Al Amerat nacheza gemu la kupigana. Nimelianza nina miaka tisa. Sasa nina thelathini na moja, na nyumbani bado wananiuliza nitaacha lini.

Mwaka jana Hisham akaleta maonyesho ya gemu za Kijapani ukumbini Al Hail. Hisham ni rafiki yangu, kasoma Japani miaka sita na lugha yao anaiongea bila kumeza mate. Alileta mashine halisi za kule pamoja na wachezaji watatu wakubwa.

Sharti lilikuwa fupi. Atakayemshinda mmoja wao, yaani atakayefikisha raundi tatu kabla yake, anapewa nafasi kwenye mashindano ya Tokyo. Nafasi yenyewe moja tu.

Niliitaka ile nafasi mpaka chakula kikawa hakipiti. Nilitaka kitu cha kuonyesha kwamba ile miaka ishirini na moja haikwenda bure.

Mashine za Kijapani zinapeana mgongo. Wewe unakaa huku, mwenzako anakaa kule, uso wake huuoni. Unatia sarafu, na sarafu ikishaingia ndiyo umeshampa changamoto, hakuna maneno.

Hisham alitenga pembe ya wageni, na aliyejitolea kuwahudumia kahawa ni mamangu, Bi Shariffa. Nilishangaa, maana Mama gemu hizi hazitaki hata kuzisikia.

"Mimi n'nakwenda kuwatazama wageni tu," akaniambia, dele lake la kahawa mkononi. "Wewe shughulika na vikaragosi vyako."

Siku ya kwanza wageni wakapumzika. Siku ya pili ndiyo ikawa kazi.

Asubuhi Ghadeer, binti wa pale pale Al Hail, alikaa na Morikawa. Huyo Morikawa ndiye aliyekuwa mkubwa wao wote, mtu anayesifika kwamba kitufe hakosei. Ghadeer akachukua raundi mbili, akafungwa tatu. Ukumbi ulimpigia makofi mpaka akaona haya.

Zamu yangu ilikuwa baada ya sala ya alasiri.

Nikiwa nangoja, nikachungulia pembe ya wageni. Morikawa kakaa kitako juu ya zulia, Mama yuko mbele yake. Jamaa kashika kikombe, na mkono wake unatikisika.

Nikasema, huyu keshapata habari zangu. Nikavimba kichwa pale pale.

Nikakaa. Nikatia sarafu.

Raundi ya kwanza nilimpiga kabla hajajipanga. Ya pili akanirudi, akanifunga vibaya. Jasho likaanza kunitoka viganjani, nikajifutia kwenye kanzu yangu ya dishidasha.

Ya tatu yangu. Mbili kwa moja.

Raundi ya nne ukumbi ukanyamaza. Nilisikia vitufe vyake upande wa pili, na havikuwa na mpangilio, mara vya haraka, mara kimya. Sote wawili tumebakisha uhai kidogo, atakayeguswa kaondoka.

Akaja na pigo lake maarufu. Ninalijua, nimeliangalia kwenye video mara elfu, na sijapata kuona mtu akilikwepa.

Kitufe kikamchelewa. Kidogo tu.

Nikampiga.

Watu wakanibeba. Morikawa akazunguka mashine, akainama, akanipa mkono. Mkono ulikuwa baridi, umelowa na unatetemeka. Nikaushika kwa muda mrefu, na sitawaficha, nilisikia raha.

Tuliondoka Al Hail jua linazama. Kwa kawaida Mama akipanda gari anaongea mpaka mlangoni. Siku ile tulipoanza kupanda mlima wa Amerat ndipo akafungua mdomo.

"Jaifar. Yule mgeni alitikisa."

"Alitikisa nini?"

"Kikombe."

Kwa asiyejua, kwetu Oman kahawa humiminwa tu, kikombe baada ya kikombe, mpaka mgeni akitikise. Akishatikisa ndiyo kasema basi, na mwenye dele anakipokea. Mtoto wa miaka mitano anajua. Hisham aliwafundisha wageni wake siku ile ile waliyofika.

"Alitikisa, nikamtilia," Mama akasema. "Akatikisa tena, nikajifanya sioni."

"Mara ngapi?"

"Sikuhesabu."

Tukapita kona mbili.

"Kumi na moja," akasema. "Hisham asubuhi alinambia, huyu mtu kahawa hanywi, ikimwingia moyo unamwenda mbio na mikono inamcheza. Mimi nikalishika hilo neno."

Nikasogeza gari pembeni, nikazima.

"Mama, kwa nini? Wewe gemu hulitaki."

"Silitaki. Lakini n'nakusikia nyuma ya mlango miaka yote hii. N'nangoja siku moja utoke umefurahi, hutoki. Nikasema leo, wallahi, atoke."

Nililia, jamani. Mtu mzima, kwenye gari, mbele ya mamangu.

Nilimkasirikia yeye kwanza. Halafu hasira ikanigeukia, maana ule mkono niliuona kwa macho yangu. Mimi mtoto wa Maskati, nimeona mgeni anatikisa kikombe cha kahawa, na nikaona woga. Nilitaka uwe woga, basi ukawa.

Nitakuwa mwongo nikisema sikuwaza kunyamaza. Nafasi nilishaipata. Aliyejua ni mimi na Mama, na Mama asingenisaliti. Nilikaa pale pengine dakika kumi, magari yananipita.

Nikawasha, nikageuza.

"Twende," Mama akasema. "Lakini ntakayesema ni mimi."

Tuliwakuta wanafuta mashine. Mama akamwita Hisham na Morikawa, akasimama wima, akasema yote, hakupunguza hata kikombe kimoja. Hisham alitafsiri huku sura imemsawijika.

Morikawa akasikiliza mpaka mwisho. Akaiangalia mikono yake, akasema maneno machache.

"Anasema alidhani anakitikisa vibaya," Hisham akatuambia. "Ndiyo maana akawa anazidi kutikisa."

Mama akajifunika uso kwa mtandio.

"Jaifar, matokeo nshayatuma Tokyo," Hisham akanambia kwa sauti ya chini. "Unajua unachofanya?"

"Najua. Yafute. Nataka kucheza naye upya kesho."

Kesho yake asubuhi ukumbi ulikuwa mtupu, watu wasiozidi sita. Nikatia sarafu. Safari hii vitufe vya upande wa pili vilikuwa vinasikika sawasawa, kama cherehani ya fundi mzuri.

Alinifunga tatu kwa moja.

Kwa kuwa hakuna aliyeshinda, nafasi ya Tokyo akapewa Ghadeer, aliyempata raundi mbili Morikawa akiwa mzima wa mikono. Ni haki yake. Nilimpongeza, kisha nikaenda chooni nikaosha uso mara tatu.

Nilipotoka, Mama alikuwa kwenye pembe ya wageni na dele lake. Alimmiminia Morikawa kikombe kimoja. Akakinywa taratibu, akakitikisa.

Hakuwahi kukitikisa mara ya pili. Mama alishakipokea, kwa mikono miwili.

Ndugu zangu mnaosoma, kitu ukikitaka kupita kiasi, hata ishara uliyozaliwa nayo inakupita mbele ya macho. Na anayekupenda anaweza kukuchafulia mikono bila wewe kujua. Ukishajua lakini, hesabu inakuwa yako.

Ule ushindi wa kwanza sina hata picha yake moja, nimezifuta zote. Ninayo video ya ile raundi moja niliyoshinda asubuhi ya marudio.

Juzi Mama aliingia chumbani, akakaa kitandani, akaniambia niiweke tena. Tukaiangalia mpaka mwisho, akaniuliza, "Hapa ndipo ulipompiga mwenyewe?"

Nikamwambia ndiyo, Mama. Hapa ni mimi.