Shimo Lililoua Hua

Watu wa kijiji cha Lweba humwita Mama Firigisi, naye hakasiriki. Jina lake hasa ni Rosette Asukulu, mjane wa miaka arobaini na minane, na kazi yake ni kantonye, yaani mtunza barabara. Amepewa kilomita mbili za barabara ya udongo iendayo mjini Baraka, pamoja na jembe, koleo, toroli na jile, kizibao cha kazi cha rangi ya machungwa kilichokwisha kupauka. Aziba mashimo, azibua mifereji, aondoa njiani chochote kilichokufa.

Na cha kufa hakikosekani. Kuna kenge, kuna nyoka, kuna paka wa watu, lakini zaidi ni ndege. Kanga akivuka hubabaika katikati, mara aende, mara arudi, kama mtu aliyesahau chumvi dukani. Dudumizi naye huruka chini chini kwa uzito wake, akidhani gari litamsubiri. Wako wanaomwona ndege aliyekufa njiani wakatema mate na kupita mbali. Rosette huona mboga. Kufa kufaana, bwana! Ila kabla ya sufuria humpasua marehemu firigisi na kuichambua kwa ncha ya kisu, ajue alikula wapi mara ya mwisho. “Huyu alitoka kwako,” humwambia jirani yake Espérance, “mahindi yako njo haya.” Espérance hucheka shingo upande. Kuuliza ni maradhi ya Rosette tangu utotoni. Shuleni mwalimu alimtoa nje siku aliyotaka kujua kwa nini samaki hawazami wakafa.

Mwaka huu, mvua za mwezi wa tatu zilipoanza, ndege walianza kufia mahali pamoja, mbele ya robine, bomba la maji la kijiji, pale familia za wakimbizi wa Burundi zilipojenga. Jumatatu hua watatu. Jumatano wawili. Ijumaa wanne, na kwale mmoja juu yake. Firigisi zote zilikuwa na kitu kimoja: mpunga. Na mahali pale hapana shamba la mpunga hata la kusingizia.

Rosette aligeuza toroli, akaikalia, akatazama. Hakukawia kujua. Katikati ya barabara palikuwa na shimo. Fuso iliyotoka Baraka na magunia ya mpunga ilipunguza mwendo, ikatumbukia, ikatikisika, na punje zikamwagika kutoka kwenye magunia yaliyochakaa. Ilipoondoka, hua walishuka kula. Kisha ikaja pikipiki. Haikupunguza kitu. Ililikwepa shimo, ikapita ukingoni pale pale penye karamu, yakabaki manyoya. Rosette alifurahi kama mtu aliyetegua kitendawili, akaleta changarawe, akalishindilia shimo mpaka likawa sawa na njia.

Keshokutwa yake shimo lilikuwa wazi. Akaziba tena, likafunguka tena. Mara ya tatu alikuja Wilfried, mkuu wa makantonye wa upande ule, mtu wa haraka na wa kelele, ingawa si mbaya.

“Mama Rosette, mi nachoka na ile shimo,” alisema bila kushuka kwenye pikipiki. “Siku ya tano, ile Ijumaa, nitarudia. Kama naikuta, jile nitapatia muntu ingine.”

Hayo hayakuwa maneno ya mzaha. Jile ndilo lililokuwa likimsomesha Ketsia, binti yake wa mwisho, huko Baraka. Likivuliwa, Ketsia anarudi nyumbani na madaftari yake.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na Rosette aliinama. Alipapasa kingo za shimo kwa vidole. Shimo lililochimbwa na magurudumu huwa na kingo zilizomeguka ovyo. Hili kingo zake zilikatwa safi kama sabuni. Hiyo ilikuwa kazi ya jembe! Alipandwa na hasira, lakini hamu ya kujua ilimzidi hasira. Nani mwenye akili zake anaamka kuchimba barabara, na kwa faida gani? Aliliziba mara nyingine, akajiambia za mwizi ni arobaini.

Alhamisi kulipopambazuka alikuwa amejikunyata katika majani kando ya mfereji. Hakungoja sana. Mtu alikuja na jembe begani, akatazama huku na huku, akaanza kuchimba. Alikuwa Marie-Rose Habonimana, bibi wa Kirundi ambaye Rosette hununua kwake sombe, majani ya muhogo, kila juma. Rosette alitoka majanini.

“Mama Marie-Rose! Kumbe ni we?”

Bibi alisimama na jembe lake hewani. “Ni miye, Rosette.”

“Unachimba sababu ya nyama ya bandege?”

“Bandege gani?” Alishangaa kweli. “Mi siko na habari ya bandege. Nachimba sababu ya Arakaza.”

Arakaza ni mjukuu wake, msichana wa miaka saba anayeteka maji robineni kila asubuhi. Rosette alimjua: mtoto wa kutabasamu sana, lakini umsalimu mara kumi hakuitikii. Alikwisha kumhesabu kuwa hana adabu.

“Hasikie,” bibi alisema. “Toka azaliwe hasikie. Honi inalia, ye iko natembea tu. Nilienda kwa shefu wa kijiji. Nilisema na bamotari ba pikipiki, bakaitika ndiyo, mama, ndiyo. Kesho yake banapita mbio vilevile. Basi nikasema, muntu hataniogopa miye, lakini shimo ataiogopa.”

Rosette aliona aibu, aibu ya kweli. Yeye aliyehoji firigisi za ndege wote wa Lweba hakuwahi kuuliza kwa nini mtoto haitiki! Kisha kitu kingine kilimjia.

“Mama, shimo yako inasimamisha fuso tu,” alisema polepole. “Moto ya bamotari haisimame. Moto inakata pale pembeni. Wapi Arakaza anavukia?”

Bibi alinyoosha kidole. Kilielekea ukingoni, pale pale ambapo Rosette alikuwa akiokota hua.

“Bote benye nimeokota bamekufia pale,” Rosette alisema. “Bote, mama.”

Marie-Rose alikaa chini barabarani na kuufunika uso kwa kitenge.

Siku ile walifanya kazi wawili. Walijaza shimo mawe, wakamwaga udongo mwekundu, wakashindilia, na shimo lilipojaa hawakuacha. Waliendelea kuinua, kutoka mfereji hadi mfereji, mpaka likawa tuta lisilokuwa na pembeni pa kukwepea. Rosette alijua anachofanya. Kazi yake ni kuziba. Amri ya kuinua tuta barabarani hutoka kwa wakubwa, tena kwa barua. Usiku hakula.

Ijumaa asubuhi Wilfried alikuja mbio, macho yakitafuta shimo. Pikipiki ilirukia tuta, naye akabaki amening'inia kwenye usukani, kofia ikaenda mferejini.

“Mama Rosette! Ni nini hii?”

“Ulisema nizibe shimo, shefu. Nimeziba.”

“Hii ni kuziba? Hii ni mulima! Nani alikupa ruhusa? Ondoa sasa hivi, ao vua jile!”

Rosette alimkumbuka Ketsia. Alivua jile, akalikunja, lakini hakulitoa. “Nitakupatia, shefu. Kwanza mwite ule mutoto.”

Arakaza alikuwa akitoka robineni na bidoni la maji kichwani, akikaribia njia. Wilfried aliita. Akaita tena. Akapiga honi, mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu, kwa ukali. Hua waliokuwa wakidonoa punje juu ya tuta waliruka wote. Mtoto hakugeuza hata shingo.

Wakati huo pikipiki nyingine ilitokea upande wa Baraka na abiria wawili, imekazana. Mwendeshaji aliona tuta, akatafuta pembeni, hakupata, akakata mwendo mpaka miguu yake ikagusa chini. Alipita tuta taratibu. Arakaza aliyaona magurudumu, akangoja, akavuka, akamtabasamia Wilfried.

Wilfried alimfuata kwa macho mpaka akaingia kwao. Mwishowe alitoa daftari mfukoni, akaandika, akasoma kwa sauti: “Shimo. Limezibwa.”

“Na mulima, shefu?”

“Mulima gani?” Alikuwa tayari anashuka mferejini kufuata kofia yake. “Mi sikuone mulima. Vaa jile, mama, kazi ingali.”

Rosette alilivaa haraka haraka, ndani nje.