Rangi ya Mkono wa Mzee Shomari

Sifa zote ni zake Mola aliyemuumba mwanadamu kwa rangi aliyoitaka, wala hakumwomba mtu ushauri. Kwa jina lake naanza.

Siku yangu ya kwanza katika karakana ya viungo bandia, enzi za Mwingereza, nilikabidhiwa patasi na kipande cha mninga. Nilikuwa seremala kijana kutoka Temeke. Kazi ilikuwa hivi: tunapaka jasi kwenye mkono mzima wa mgonjwa, tunapata kielelezo, kisha tunachonga mwenzake kwa kuugeuza, kulia kwa kushoto. Mwisho tunashona ala ya ngozi ya kuvalisha kigutu, ile sehemu ya mkono iliyobaki.

Mzee Shomari wa Buguruni alikatwa mkono wa kulia na korona, ile mashine ya kuchambua mkonge. Alikuja kwangu kwa sababu binti yake alikuwa anaolewa Ijumaa.

"Ndugu wa marehemu mama yake anasema niweke mtu wa kuniwakilisha, kwa kuwa ndoa hufungwa kwa kupeana mkono wa kulia," aliniambia. "Fundi, nimemlea peke yangu. Leo nikae pembeni, mwingine ampe mkwe wangu mkono?"

Nikamchongea vidole vilivyokunjika kidogo, vya kushikika, na mishipa juu yake. Kisha Bwana Msimamizi, Mzungu aliyetuongoza, akaupaka rangi ya kopo lililotoka kwao. Mkono ukawa wa waridi kama ulimi.

Wagonjwa barazani wakaangua kicheko. "Mzee Shomari, hongera! Mkono umeshapanda cheo, mwenyewe unangoja nini?"

Mzee hakucheka. Aliuweka mapajani, akaufunika kwa kanzu.

Nikaingia ofisini. "Bwana Mkubwa, mtu huyu ni mweusi."

"Mimi naona. Rangi ni hiyo moja. Hataki, aende na kigutu."

"Kuna nta, kuna masizi. Naweza kuchanganya."

"Wewe kazi yako kuchonga. Nani alikuuliza?"

Mpaka leo neno hilo linanichoma. Mwenye mkono alikuwa nje, hatua sita tu kutoka mezani pake, na hakuna aliyemuuliza hata yeye!

Nilirudi kwenye benchi, nikaukwangua kwa kigae cha chupa mbele ya macho ya Msimamizi. Mzee akaweka mkono wake wa kushoto kando, nami nikapaka nta na masizi, nafuta, natazama, napaka tena, hadi ikawa shida kuitofautisha. Kabla ya jioni nilikuwa nimehamishiwa kutengeneza magongo. Nilitengeneza magongo miaka tisa.

Ijumaa nilihudhuria ndoa. Shehe alimwambia kwa upole, "Toa wa kushoto, mzee wangu, Mungu anajua udhuru wako."

"Najua, Shehe. Ila ninao wa kulia."

Bwana harusi alipoushika alishtuka kwa ugumu wake, akataka kuachia. Mzee akamnong'oneza, "Shika, mwanangu. Hauumi huo." Akamuoza binti yake kwa sauti iliyofika uani, na kina mama wakajibu kwa vigelegele.

Nimestaafu na namshukuru Mungu kwa riziki na afya. Subira amenipa, lakini sijamwomba aniondolee hasira ile. Naona nayo ni amana.

Wewe uliyesoma, Mola akuhifadhie viungo vyako vyote, na siku utakayopewa kumhudumia aliyepungukiwa, akujaalie umtazame kwanza, umuulize. Amina.