Siagi ya Mama Mkwe

Jumamosi hapa Bulla Pesa, jirani yangu, Mmeru aliyeolewa na Mborana, alioka biskuti za oti na siagi kama alivyofundishwa na nesi wa kutoka Denmaki: makaa chini ya sufuria, mengine juu ya kifuniko.

Mama mkwe wake, mgeni kutoka Gotu, tangu harusi alikuwa hajawahi kusifu mapishi yake. Akauma moja. Akatafuna polepole. Sisi majirani tulioalikwa tukamtazama mdomoni.

“Wewe mtoto, siagi umetoa wapi?”

“Si ile uliniletea, mama?”

“Ile ya kupaka nywele?”

Jirani akafunika uso kwa leso. Mama mkwe akavuta sahani yote, akaipakata.

“Basi nywele zingoje.”

Mimi, mwenye upara, nikaunga mkono hoja.